Mfumuko umeshuka, mbona bei haishuki?

SWALI: Kwenye kundi letu la WhatsApp hapa Kirumba, Mwanza, tunabishana. Tunaambiwa mfumuko wa bei umeshuka, mbona dagaa bado ghali? Nani anadanganya?

JIBU: Hakuna anayedanganya. Mfumuko ni kasi ya bei kupanda. Ndoo ya dagaa ya shilingi 10,000, kwa mfumuko wa asilimia 10, inafika 11,000. Mwaka unaofuata mfumuko ukishuka hadi asilimia 3, inafika 11,330. Kasi imepungua, bei imepanda.

Tena takwimu ya taifa ni wastani wa kapu zima la bidhaa na huduma ambazo watu hulipia, pamoja na kodi ya nyumba na nauli. Dagaa wana mambo yao: mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wanaovutia dagaa kwa taa usiku hupata kidogo, bei inaruka. Kwa hiyo mwenzako akitaja bei, muulize kwanza: ya lini, ukilinganisha na lini?