Wadogo zangu wa kliniki ya meno, acheni kuficha sindano mgongoni

Jumatano iliyopita nilikuwa mezani nikijaza rejista ya mwezi, nikamsikia mmoja wenu akisema kwa sauti tamu kama ya mtangazaji wa redio: “Haitauma, mtoto mzuri. Haitauma hata kidogo.” Sikuinua kichwa. Nilijua mkono wake wa kulia uko mgongoni, na mkononi mna sirinji iliyokwisha kupakiwa. Nilijua na kitakachofuata. Hazikupita sekunde tano, mwenye boda aliyekuwa nje akisubiri abiria akachungulia dirishani kutazama ni nani anayechinjwa.

Sitamtaja. Kidole chake kilichong'atwa kinamtosha. Lakini ni interni wa tatu mwaka huu kufanya kitu kilekile kwa maneno yaleyale, mpaka najiuliza kama kuna mtu huwafundisha kwa siri. Basi kaeni chini niwaambie yale niliyoyalipia ada.

1. Matibabu ya mtoto huanza kabla hajafika.

Huanza juu ya boda, mama anapomwambia, “Ukilia, musawo atakudunga sindano kubwa.” Tumefanywa zimwi la nyumbani: mtoto hataki kula, ataitiwa daktari, hataki kulala, ataitiwa daktari. Siku jino likimuuma tunashangaa kwa nini ameng'ang'ania mlango kwa mikono miwili. Ukimwandikia mtoto tarehe ya kurudi, mvute mama pembeni umwombe mambo mawili tu: asimtishe kwa jina letu, na asimwahidi asichokijua. Hata “usiogope” aiache. Mtoto wa miaka minne akiambiwa asiogope, papo hapo anajua kuna cha kuogopa.

Na kabla hujamlaumu mama, tazama kinywani. Ukikuta 73 na 83, yaani machonge ya chini ya utotoni, hazipo kwa mtoto wa miaka mitatu, wala hakuna habari ya kuanguka, uliza kwa heshima habari za ebiino. Mnazijua: mtoto mchanga anaharisha, ana homa, jirani anaona fizi zimevimba pale machonge yatakapotokea, anasema hayo ni meno ya plastiki, anaitwa mzee mwenye spoku ya baiskeli ayachimbue. Mtoto huenda hakumbuki. Mama anakumbuka, kwa kuwa ndiye aliyemshika. Akiingia kwetu akaona koleo kwenye trei, mikono yake hutetemeka, na mtoto aliye mapajani huisoma mikono hiyo kuliko anavyousoma uso wako. Usimgombeze. Aliyegombezwa harudi, na yule mzee wa spoku hagombezi mtu.

2. Chunga maneno, hata yale mazuri.

Tulifundishwa kwamba badala ya kutaja ganzi na sindano, umwambie mtoto kwamba unalilaza jino. Nikaupenda ushauri huo. Huku mpakani watoto wanakuja na Kisamia, Kiteso, Luganda, na Kiswahili cha baba dereva wa lori, kwa hiyo mara nyingi Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Siku moja nikamwinamia binti wa miaka mitano, nikamwambia, “Sasa tutalilaza hili jino.” Akaruka kitini kama aliyekanyaga kaa la moto. “Sitaki kulazwa!” Kumbe bibi yake alikuwa amelazwa hospitalini mwezi uliopita, na hakurudi nyumbani kwa miguu yake.

Tangu hapo mimi husema jino litasinzia. Kusinzia hakujamwogopesha mtu. Bomba la kunyonya mate ni mrija wenye kiu. Mashine ya kutoboa iite unavyotaka, ila usiiite nyuki kama alivyofanya mmoja wenu mwezi wa tatu. Watoto wa huku wanawajua nyuki.

3. Onyesha kabla ya kutenda.

Kioo kipite kwanza kwenye ukucha wake, kisha mhesabu meno pamoja kwa sauti mpaka ishirini. Mkiishia hapo siku ya kwanza, umefanya kazi. Aliye chini ya miaka mitatu msimpandishe kitini: goti kwa goti na mama, kichwa cha mtoto mapajani mwako.

4. Ganzi ina adabu zake.

Kausha fizi kwa gozi kabla ya kupaka jeli, usubiri dakika moja hadi mbili kwa saa ya ukutani, si kwa hamu yako. Dawa iingie polepole, mililita moja kwa dakika nzima. Mpime mtoto uzito: wa kilo 15, kwa miligramu 4.4 za lignokeini, dawa yenyewe ya ganzi, kwa kilo, mwisho wake ni miligramu 66. Katriji ya mililita 1.8 ya lignokeini 2% ina 36, kwa hiyo katriji mbili kamili zimeshavuka. Haya mnayajua. Mnayasahau kwa sababu ya foleni, na foleni ndiyo inayonipeleka kwenye la tano.

5. Usimdanganye.

Ilikuwa mwaka 2014, Ijumaa, mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye kituo ambacho sitakitaja. Saa saba mchana, na benchi bado limejaa. Akaingia mvulana wa miaka sita, 85, gego la utotoni la chini kulia, imeoza zimebaki kuta, na kijipu cha usaha kwenye fizi. Mama yake alikuwa amefunga kibanda chake cha nyanya ili amlete, na kila dakika aliyokaa kwetu nyanya zilikuwa zinalainika. Akanisihi tumalize siku hiyo hiyo. Na mimi nilitaka tumalize. Nilikuwa najisifu kwa mkono mwepesi, na nilikuwa na njaa.

Nikamwambia mtoto, “Haitauma. Ni kama mbu.” Sirinji nikaificha pembeni ya paja. Alikuwa mtoto mtulivu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alifungua kinywa bila kusumbua, akatazama juu kwenye taa. Nilikuwa nimesahau kwamba taa ile ina kioo. Akaiona sindano ikija kutokea chini ya kidevu chake, akageuza kichwa. Nikamwita sista, sista akamwita askari wa getini, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Nikadunga haraka, na mnajua dawa ya haraka inavyouma. Sikusubiri hata dakika tatu. Tena penye usaha tishu zina asidi, ganzi haishiki vizuri. Swali hilo nililijibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Alipopiga kelele kwamba inauma nikamwambia, “Hapana, huko ni kusukumwa tu.” Yaani mimi, niliyeshika koleo, ndiye nikawa namweleza anachosikia.

Jino likavunjika. Mzizi mmoja ukabaki ndani. Nikaufuata.

Tulipomwachia hakulia tena. Alikaa, akatema damu kwenye beseni, akanitazama, akasema neno moja: “Ulisema.” Kisha akashuka, akatoka na kandambili moja. Ya pili, ya bluu, kamba yake imefungwa kwa waya, ilibaki chini ya kiti. Niliiweka dirishani, hakuna aliyekuja kuichukua. Kwenye rejista niliandika: “85 imeng'olewa. Mgonjwa hakutoa ushirikiano.” Kalamu haikutetemeka.

Miaka minne baadaye, nikiwa bado kituo kilekile, akaletwa amebanwa kati ya mwenye boda na mama yake. Nilimtambua mama kwanza. Chini ya taya pamevimba, pagumu kama ubao, kinywa hakifunguki hata upana wa vidole viwili, homa, na mate yanamtoka kwa kuwa hawezi kumeza. 46. Lile gego la ukubwani linalotoka kwenye miaka sita, nyuma kabisa, bila jino lolote la utoto kung'oka, ambalo wazazi wengi hudhani litabadilika tu. Limeuma kwa muda gani? Mama hakujua. Mtoto alikuwa anatafunia upande mmoja na kunyamaza. Kila mama alipotaja daktari wa meno, mtoto alikimbilia kwa shangazi yake akalala huko.

Hatukuligusa jino. Tulimtundikia dripu na antibiotiki, tukaomba gari, akapelekwa hospitali ya rufaa, akapasuliwa chini ya taya usaha ukatolewa. Alipona, ana kovu. Tulipokuwa tukingoja gari nilimshika mkono kuangalia kama dripu inaenda, naye hakuuondoa. Sikumwambia mimi ni nani. Sijui kama alijua.

Sasa mtaniuliza, tuseme nini? Sema kweli iliyo ya kimo chake: “Utasikia kama unafinywa. Tutahesabu mpaka kumi. Halafu shavu litakuwa zito kama limevimba, lakini halijavimba, nitakuonyesha kwenye kioo.” Sindano si bendera, hakuna haja ya kuipeperusha, ipitishe chini ya kidevu kama kawaida. Lakini akiuliza, “Hiyo ni sindano?”, jibu ni ndiyo. Na ukisema kumi iwe kumi. Ukianza “tisa, tisa na nusu, tisa na robo tatu” umeshadanganya, na watoto wa siku hizi wanajua hesabu. Na kama hamwezi kumaliza leo, msimalize leo. Mpe dawa, mpe tarehe. Nyanya zitaoza, ndiyo. Mweleze mama ukweli huo pia.

6. Mpe mkono wa kusimamishia.

Akiinua wa kushoto, unasimama, hata kama imebaki nukta moja. Kuna mtoto wa P.3, darasa la tatu, aliniinulia mara kumi na moja katika kujaza tundu moja. Mara tano za kwanza alikuwa ananipima. Ya sita na ya saba alikuwa anacheza. Ya tisa alitaka kuniambia kwamba mbuzi wao amezaa mapacha, mmoja mweusi tii. Ya kumi na mbili haikuja. Nilikosa chakula cha mchana, sikatai. Lakini siku hizi hujileta mwenyewe, na huwaleta wadogo zake, na huwasomea kanuni za mkono kwa ukali kunishinda mimi.

7. Si kila tundu ni la mashine.

ART, si ile ya dawa za VVU bali ya kuziba meno bila mashine, ilianza kwa jirani zetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980: unakwangua kwa vifaa vya mkono, unajaza glasi ayonoma, ile saruji ya meno, hakuna kelele, na umeme ukikatika unaendelea. SDF, dawa ya maji yenye fedha na floridi inayopakwa kuzuia jino lisiendelee kuoza, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, ni neema kwa mtoto mwoga, ila mwambie mama mapema kwamba palipooza patakuwa peusi. Usipomwambia atarudi na ukoo mzima.

8. Mdomo wenye ganzi hauna mwenyewe kwa saa mbili tatu.

Asipewe mandazi wala chochote cha kutafuna. Atautafuna mdomo wake kama mchezo, na kesho mtaletewa kidonda cheupe ambacho nyumba nzima inaapa ni usaha.

Jumatatu wanakuja watoto wa P.1 wa shule ya jirani, ishirini na sita, pamoja na mwalimu wao ambaye nimeshamsikia akiwaahidi kwamba wapiga kelele watang'olewa yote. Mwalimu nitaongea naye mimi. Jeli iko droo ya pili, chini ya glavu ndogo. Kioo kikubwa cha mkono kina ufa, kitumieni hivyo hivyo, watoto hawajali. Na wewe wa Jumatano: mtoto wako ameandikiwa kurudi saa nne. Usimpe mwenzako. Mpokee wewe mwenyewe mlangoni, mikono yote miwili ikionekana, na kabla ya kioo umwombe radhi.