Waya za mbele za keisi: batani haiwashi na USB inachaji tu

Mkuu nimekusoma. Umenunua keisi mpya ya kompyuta, umehamishia mazabodi yako (ile bodi kuu) ya aina ya B450, batani ya mbele haiwashi mpaka uguse pini kwa bisibisi kama jamaa yako alivyokuonyesha, USB za mbele zinachaji simu lakini flashi haisomeki, halafu kuna waya wa Type-C unaning'inia tu huna pa kuuchomeka. Mimi kufunga mashine ndiyo kazi yangu na hizi shida tatu nakutana nazo kila mara, na karibu zote hazihitaji kununua kitu, kwa hiyo usikimbilie kurudisha keisi dukani.

Tuanze na batani. Kama bisibisi inawasha, basi mazabodi na pawa saplai ni nzima, achana nazo kabisa. Shida iko kati ya batani na zile pini. Zima swichi ya pawa saplai kwa nyuma, washa tochi ya simu, angalia kona ya chini kulia ya mazabodi. Kwenye mazabodi za MSI wameandika JFP1, ASRock wameandika PANEL1, Gigabyte F_PANEL. Ni safu mbili za pini tano tano lakini moja haipo, zinabaki tisa, na hilo pengo ndilo litakuongoza kwenye kila kitu. Ukiitazama hivi kwamba pengo liko juu kulia, safu ya juu kuanzia kushoto ni taa ya pawa, chanya halafu hasi, kisha pini mbili za batani ya kuwasha, kisha pengo lenyewe. Safu ya chini ni taa ya diski, chanya halafu hasi, kisha pini mbili za riseti (batani ya kuanzisha mashine upya), na ya mwisho haitumiki. Mazabodi nyingi ziko hivyo ila zipo zenye pini zaidi kwa ajili ya spika, kwa hiyo soma maandishi yaliyo pembeni yake au fungua kitabu chake, kama kimepotea kipo bure kwenye tovuti ya kampuni, andika tu modeli.

Batani haina chanya wala hasi, geuza utakavyo itawasha, kazi yake ni kugusanisha pini mbili basi. Taa ndizo zina upande, ukikosea haziungui, hazitawaka tu, unageuza plagi yanaisha. Sasa fanya hivi: chomoa plagi ya riseti uiweke kwenye zile pini mbili za kuwasha, kisha bonyeza batani ya riseti. Mashine ikiwaka, ujue batani yako ya pawa au waya wake ndio mbovu, na unaweza kuendelea kuwashia riseti hata mwaka mzima bila shida yoyote. Isipowaka na hapo, umeweka pini moja pembeni, hesabu tena kuanzia kwenye pengo.

USB sasa, na hapa naomba uwe mpole sana. Ile plagi nene, mara nyingi ya bluu au nyeusi, ndiyo ya USB 3, ina pini 19 na ni nyembamba mno. Watu wanaisukuma ikiwa imeinama kidogo na pini zinalala chini, halafu kwa nje unaona kama imeingia vizuri tu. Kuchaji simu hakukuhakikishii chochote, maana umeme wa volti 5 una pini zake na data ina zake. Chomeka mausi kwenye tundu la mbele. Mausi inatumia zile waya za USB 2 peke yake, kwa hiyo ikikubali halafu flashi ya USB 3 ikagoma, huenda pini za kasi za USB 3 zimelala au plagi haijaingia mpaka mwisho. Vyote vikigoma, kwanza chungulia kwenye BIOS (ile menyu ya mipangilio unayoingia mashine inapowaka) kama matundu ya mbele hayajazimwa. Kama yamewashwa, zima umeme, ichomoe plagi ukiiyumbisha taratibu kwa kushika plastiki na siyo waya, na angalia ndani ya soketi kwa tochi kutokea pembeni, siyo kutokea juu. Pini iliyolala utaiona imetoka kwenye mstari wa wenzake. Inyanyue kwa sindano kidogo kidogo, mkupuo mmoja unaivunja, na ikivunjika ndani ya soketi hapo ndipo gharama inaanza. Nimeletewa mashine ya hivyo ambayo pini moja tu ilikuwa imelala, ikanyooshwa, matundu yote mawili yakarudi.

Plagi ya sauti na ya USB 2 zinafanana lakini mapengo yako sehemu tofauti, USB 2 pengo liko mwisho kabisa, ya sauti ni la pili kutoka mwisho. Plagi ikikataa usiilazimishe hata kidogo, umekosea soketi. Na kama keisi ni ya zamani, ile ya mtumba yenye plagi mbili za sauti kwenye waya mmoja, tumia iliyoandikwa HD Audio, ile ya AC'97 ni ya mfumo wa zamani, iache ilale.

Type-C ndiyo yenye habari mbaya kidogo. Plagi yake inataka soketi ndogo ya peke yake na mazabodi nyingi za B450 hazina hiyo soketi, usiitafute usiku kucha. Kuna adapta inayotoka kwenye soketi ya pini 19 kwenda Type-C, inafanya kazi kwa kasi ya 5 Gbps (gigabiti 5 kwa sekunde), lakini kama mazabodi yako ina soketi moja tu ya USB 3 itabidi uchague, Type-C ya mbele au yale matundu mawili ya kawaida. Mimi ningebaki na ya kawaida, ule waya wa Type-C nikaufunga kwa kamba ya plastiki (zip tie) nyuma ya ile trei inayobeba mazabodi usije ukagusa feni.

Piga picha ya ile kona ya chini kulia na ndani ya soketi ya USB 3 uiweke hapa, nitakuonyesha pini ipi ni ipi.