Dengi: vidonge vya vitamini au chakula na vinywaji?

Ndugu uliyeuliza kama umnunulie baba yako aliyeko Likoni vidonge vya vitamini C na zinki baada ya vipimo kuonyesha homa ya dengi, nakujibu kwa niliyoyaona nilipomuuguza mama yangu maradhi hayohayo hapa Majengo, Mombasa.

Hakuna dawa inayoua kirusi cha dengi. Mwili wenyewe ndio unaokimaliza, na kazi ya anayeuguza ni kuhakikisha kwamba hauishiwi maji wala nguvu. Kwa hiyo pesa zetu tulizielekeza kwenye vinywaji. Mama hakuweza hata kuvumilia harufu ya mchuzi wa nazi, basi tulimpa kidogo kidogo, mchana kutwa, madafu, uji mwepesi wa mchele wenye chumvi, supu ya samaki iliyochujwa, na ile chumvichumvi ya pakiti (ORS) ya kuchanganya na maji, inayouzwa maduka ya dawa. Mkojo ulipokoza rangi, tulijua hajanywa vya kutosha. Hamu ya kula iliporudi ndipo tulipomwongezea mayai, kunde na samaki, kwa kuwa homa hupunguza misuli, nayo hujengwa upya kwa protini. (Kama baba ana maradhi ya figo, muulize daktari kwanza kuhusu madafu, kwani yana madini mengi ya potasiamu, na kama ana kisukari, angalia sukari ya kila kinywaji.)

Vitamini C mtu mzima huhitaji takriban miligramu 75 hadi 90 kwa siku, kiasi ambacho pera moja la soko la Kongowea hukitoa. Kidonge cha miligramu 1000 hakitamdhuru kwa siku chache, ila ziada kubwa hutoka na mkojo, na hakijathibitishwa kuponya dengi. Zinki huwafaa watoto wanaoharisha. Kwa mtu anayetapika na tumbo tupu, huzidisha kichefuchefu. Majani ya mpapai majirani waliyasifu sana, lakini ni machungu mno kwa mgonjwa ambaye hata maji yalimshinda.

Kinachonitia hofu zaidi ni dawa za maumivu. Mpe parasetamoli tu, kwa kipimo alichoandikiwa. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kuvuja damu.

Tena usilegee homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 7 ya ugonjwa, kwa maana hapo ndipo hatari huanza kwa baadhi ya wagonjwa. Akipata maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au uchovu usio wa kawaida, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, na kwa kuwa mko ng'ambo ya kivuko, pangeni usafiri mapema.