Kabla ya kununua spika ya bluetooth, fumba macho uibonyeze

Spika yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa kigezo kimoja tu: mdundo. Muuzaji alifungulia singeli, kioo cha kaunta kikatetemeka, nikatoa hela. Batani sikugusa hata moja.

Nilikuja kuzijua nyumbani. Ile ya kupunguza ilikuwa na kazi mbili: ukiigusa inarudisha wimbo wa nyuma, ukiishikilia ndipo inashusha sauti. Sasa fikiria saa nne usiku, mtoto ndiyo kwanza kalala. Unagusa, wimbo unabadilika. Unagusa tena, unabadilika. Ukija kukumbuka kwamba ni ya kushikilia, kidole kimeshateleza kwenye herufi M iliyo pembeni, na yule dada wa ndani ya spika anatangaza kwa Kiingereza, kwa sauti ya juu kabisa, kwamba tumehamia redio. Mtoto huyo, macho makavu.

Hilo nilivumilia. Lililonimaliza ni la kwenye hitima ya shangazi. Baba mdogo aliunganisha simu yake tusikilize kisomo wakati watu wanaingia, kisha akatoka nayo kupokea wageni barabarani. Bluetooth za spika kama ile haziendi mbali. Ukivuka mita 10 hivi na kuta kadhaa, inakatika. Ikakatika. Simu ya mpwa wangu, iliyowahi kuungwa juzi yake, ikaidaka, naye yuko chumba cha nyuma anasikiliza mambo yake. Mnaweza kukisia uani tulisikia nini.

Tangu siku hiyo, nikikuta spika ya mtu, iwe saluni au gereji, naomba niishike dakika mbili.

Kwa batani, UE Boom ndiyo imenikosha. Alama za kuongeza na kupunguza zimechorwa mbele, kubwa, zimechukua karibu urefu wote wa spika. Mama, ambaye miwani yake haijulikani ilipo siku zote, aliishika bila kuuliza kitu. Ukibonyeza zote mbili kwa pamoja inakutajia chaji iliyobaki.

Marshall Emberton imekwenda njia nyingine: kifundo kimoja cha rangi ya dhahabu kinafanya karibu kila kitu. Ukisukuma juu au chini ni sauti, kushoto au kulia ni wimbo, ukibonyeza inasimama, ukishikilia inazima. Chaji inaonekana kwa vistari vyekundu, jicho moja tu umeelewa. Mwenye nayo akishaizoea hataki nyingine. Mgeni je? Mimi nilikizungusha kama cha redio ya babu, hakikuzunguka, nikaona aibu.

JBL Flip 5 alama zimeinuka, unazipapasa gizani bila shida, na batani ya kucheza ukiibonyeza mara mbili haraka unaruka wimbo. Ila ujue kwamba Flip 4 ilikuwa na tundu la kuchomeka waya wa sauti kutoka kwenye simu na maiki ya kupokelea simu. Flip 5 ya mwaka 2019 haina vyote viwili. Kwangu waya ndio njia rahisi kuliko zote: unachomeka, inaimba, na hakuna mpwa wa kuidaka.

Bose SoundLink Flex ukiiwasha inatamka chaji na jina la simu iliyoungwa. Zamani ningeona ni kiherehere. Baada ya ile hitima, naona ndiyo adabu yenyewe, na asiyetaka anaizima kwenye programu yake ya simu.

Basi dukani, mdundo usikilize, lakini usitoe hela kabla hujaiunga na simu yako mwenyewe. Fumba macho, punguza sauti, simamisha wimbo, rudisha. Kisha zima bluetooth ya simu yako, uone kama spika inakujulisha imebaki peke yake au inakaa kimya ikisubiri wa kuidaka.

Na bei si kila kitu. Mama nimemnunulia ya bei ya chini, haina jina la maana, ila sauti ina kirungu chake cha kuzungusha, na tundu la waya lipo. Anaishusha huku anasonga ugali, kwa kiwiko.