Mama mkwe kanikataza mazoezi, nina mimba ya miezi mitano

SWALI: Dada habari, mimi msomaji wako niko Mbagala, nina mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Kabla sijabeba nilikuwa naenda jimu na asubuhi nakimbia, sasa mama mkwe kaja kukaa kwetu kapiga marufuku hata kutembea eti nitaharibu mimba. Ila ndoo nabeba na kufua nafua, hapo kimya! Nifanyeje? – Mama Kijacho

JIBU: Hongera mdogo wangu, hapo kwenye ndoo umenichekesha, maana hiyo ya lita 20 ndo ingepigwa marufuku kwanza, mpe mumeo abebe. Kama mimba haina shida, kutembea hakuitoi, tena Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2020 wanasema mjamzito asiye na tatizo afanye angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani nusu saa siku tano. Inapunguza uwezekano wa kisukari cha mimba, na uzito hauongezeki kupita kiasi.

Ila mama mkwe usimbeze, wapo wanaokatazwa kweli: kondo la nyuma limekaa chini likaziba njia, shingo ya kizazi imelegea, kifafa cha mimba kinanyemelea, damu imepungua sana, chupa imepasuka mapema. Kwa hiyo siku ya kliniki nenda naye, nesi aangalie kadi yako aseme mbele yake, la nesi litamwingia kuliko lako.

Ukitembea, piga stori na mtu. Ukimaliza sentensi bila kuhema uko sawa, maneno yakianza kukatika punguza mwendo. Kukimbia kwa vile ulishazoea unaweza kuendelea taratibu kama nesi karuhusu (ambaye hajazoea asianzie hapo, atembee tu). Huko jimu mazoezi ya kulala chali acha, tumbo likishakuwa kubwa linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, utasikia kizunguzungu. Kuruka kamba nako weka pembeni, viungo saa hizi vimelegea na mwili hauna balansi ile ya zamani, kuanguka ni dakika moja. Na jua la Dar unalijua, toka saa 12 asubuhi na chupa yako ya maji.

Kuna zoezi jingine hata kwenye daladala unafanya na hakuna anayejua: bana misuli ya chini kama unazuia mkojo, hesabu mpaka tano, achia, rudia. Linasaidia mkojo usikuponyoke ukikohoa au kupiga chafya, sasa hivi na hata ukishajifungua.

Ukiona damu, au maji yanatoka, kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, kifua kinabana, tumbo linakaza kwa vipindi, mguu mmoja umevimba unauma, au mtoto kapunguza kucheza, acha hapo hapo uende hospitali, usingoje tarehe ya kliniki.