Mwalimu Mgeni, Omba Kupanda na Darasa Lako

Juzi mwalimu wa ajira mpya aliniandikia. Kapangiwa shule ya kata, kapewa Kidato cha Kwanza mikondo yote, na akiuliza swali darasani watoto wanamtazama tu. "Kaka, niache nikafungue duka?" Namjibu hapa kwa sababu wenzake ni wengi.

Mimi nilipangiwa Tunduru, mkoani Ruvuma, somo hisabati. Elimu bila ada ilikuwa imeanza Januari 2016, watoto wamejaa, walimu wa hesabu wa kuokoteza. Na ofisini nilikuta utaratibu ambao bila shaka hata wewe umeukuta: wakongwe wanashika Kidato cha Tatu na cha Nne, mgeni anatupiwa vidato vya chini. Unapokea watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, ghafla hesabu, jiografia na baiolojia zote Kiingereza. Unahangaika nao mpaka wanaanza kunyoosha mkono wenyewe, kisha anawachukua mwingine, na wewe Januari unaanza upya. Kuna zamu, kuna maandalio ya somo, kuna rundo la madaftari, lakini kinachomvunja moyo mwalimu mpya ni hiki cha kutoona mwisho wa kazi yake.

Nilimfuata mtaaluma, yule mwalimu anayepanga ratiba, nikaomba nipande na mkondo mmoja hadi Kidato cha Nne. Wakongwe walinuna. Mmoja alisema mbele ya ofisi nzima kwamba mtoto aliyetoka chuo juzi hakabidhiwi darasa la mtihani. Kauli ile bado ninayo moyoni. Mwishowe nikapewa mkondo uliosemwa kuwa wa wakorofi.

Niliwajua watoto wale, ndugu zangu! Nilijua nani kapanga geto jirani na shule na jioni anajipikia ugali mwenyewe, nani analala kwa bibi. Nilijua waliofika Kidato cha Pili bila kuelewa sehemu na namba hasi, kwa hiyo kabla ya kugusa logi nilirudi nao huko chini, mada ikisubiri. Msimu wa korosho ulipoingia na madawati kubaki wazi, sikuishia kuita majina na kuweka alama ya utoro. Jumapili nilikwenda mashambani kwao kuongea na walezi: mtoto aje asubuhi, korosho aokote akitoka shule. Wapo waliokataa. Wengi walikubali, kwa sababu mwalimu aliyekuja ni yule yule wa tangu Kidato cha Kwanza. Anayepokea darasa mwaka wa mwisho, mtihani wa taifa ni Novemba, atazijulia wapi nyumba hizo?

Matokeo yalipotoka, mkondo wangu ulikuwa na C na B za hisabati ambazo shule ile haikuzizoea. Kwenye kikao cha wazazi cheti cha pongezi alipewa mwingine. Nilipiga makofi pamoja na wote, na iliniuma. Lakini wanafunzi wanajua, na mimi najua.

Kwa hiyo mdogo wangu, duka lisubiri. Ninaelewa mshahara wa kwanza umekushtua: Bodi ya Mikopo asilimia 15, mfuko wa pensheni PSSSF 5, bima ya afya 3, chama cha walimu 2, na kodi juu yake. Usikubali kumwachia mkopeshaji wa mtaani kadi yako ya benki. Mwalimu mwenye deni la namna hiyo anaingia darasani akili iko kwa mdai, na watoto wanaliona. Usishindane na wakongwe kwa maneno. Wajue watoto wako, majina na makwao. Mwalimu asiyejua mwanafunzi wake analala wapi anafundisha ubao.

Ratiba ya mwaka mpya huanza kupangwa kabla shule hazijafungua. Nenda kwa mtaaluma mapema, Novemba hii, ukiwa na orodha ya mkondo unaoutaka na alama zao za mwaka huu. Akikukatalia mikondo yote, omba mmoja.