Maswali na majibu: Liki mwitu wa misitu ya Amerika Kaskazini

Maswali yote ya safari hii yanahusu Allium tricoccum, liki mwitu inayoota mashariki mwa Marekani na Kanada.

Je, hii ni liki ya bustanini iliyohamia msituni?

Hapana. Liki ya bustanini imetokana na Allium ampeloprasum, mmea wa pande za Mediterania. Liki mwitu ni spishi nyingine kabisa, mwenyeji wa Amerika Kaskazini. Zote zimo katika jenasi Allium, pamoja na kitunguu maji na kitunguu saumu. Maelezo ya kisayansi ya liki mwitu yalichapishwa na William Aiton mwaka 1789. Vitabu vya zamani huiweka kwenye familia ya mayungiyungi, Liliaceae, na baadhi kwenye Alliaceae. Siku hizi imo katika Amaryllidaceae, nusufamilia Allioideae, oda Asparagales. Ukikuta kitabu kinasema vingine, tazama kwanza mwaka kilipochapishwa.

Kuna Allium tricoccum na Allium burdickii. Ni spishi moja au mbili?

Hapo wataalamu hawajaafikiana. Burdickii ilitajwa kwanza kama namna (kwa kifupi var.) ya tricoccum, kisha mwaka 1979 ikapandishwa kuwa spishi kamili. Wapo wanaoikubali hivyo, na wapo wanaoendelea kuiita Allium tricoccum var. burdickii.

Tofauti zenyewe zinaonekana kwa macho. Tricoccum ya kawaida ina jani pana, sentimita 5 au zaidi, lenye kikonyo kinachoonekana wazi, chenye wekundu au zambarau. Burdickii ina jani jembamba, sentimita 2 hadi 4, kikonyo chake ni kifupi na cheupe, na kichala chake kina maua machache zaidi. Pia hutangulia kuchanua. Sisi tunaona hoja ya spishi mbili ina nguvu, kwa sababu mimea inayochanua kwa nyakati tofauti hupata nafasi ndogo ya kuchavushana hata ikiota jirani. Kwa anayeandika kumbukumbu za msituni, ushauri ni kurekodi rangi ya kikonyo na upana wa jani, si jina peke yake. Jina likibadilika kesho, vipimo vyako bado vitafaa.

Niitafute wapi?

Kwenye misitu ya miti inayopukutisha majani, kuanzia Quebec na Nova Scotia, majimbo ya Kanada, kushuka hadi milima ya Georgia, na magharibi hadi Minnesota. Tazama chini ya mepo ya sukari (Acer saccharum), Fagus grandifolia, Tilia americana au, upande wa kusini, Liriodendron tulipifera. Miteremko inayoelekea kaskazini au mashariki ndiyo mizuri zaidi, kwa kuwa udongo wake haukauki upesi. Udongo uwe na mboji nyingi, kalsiamu ya kutosha, na unyevu usiotuama. Maji yakisimama, tunguu, yaani kile kitunguu kilicho ardhini, huoza.

Kivuli cha kiangazi hakiidhuru. Inachohitaji ni mwanga wa wiki chache za majira ya kuchipua, kabla miti iliyo juu haijavaa majani. Ndiyo maana huikuti chini ya misonobari mizito, ambayo huzuia jua mwaka mzima.

Majani yamekauka mwezi Juni. Mmea umekufa?

Haujafa. Majani huondoka miti ikishafunga anga, na maua hutoka baadaye kwenye bua lisilo na majani. Tunda lina vyumba vitatu, na mbegu ni nyeusi, za mviringo, zinazong'aa.

Nilipanda mbegu mwishoni mwa majira ya pukutizi. Mwaka uliofuata hapakuota kitu.

Usifukue. Mbegu hii inahitaji kwanza kipindi cha joto na unyevu ili itoe mzizi, kisha kipindi cha baridi ili itoe jani. Uliipanda joto likiwa limekwisha, kwa hiyo itangoja kiangazi kizima kipite na kuota majira ya kuchipua ya pili. Weka mbegu juu ya udongo uliotifuliwa, zibonyeze kidogo, zifunike kwa sentimita 5 hivi za majani makavu, na hakikisha pako na unyevunyevu hata miezi ya joto. Ukianza na matunguu, yazike kiasi cha sentimita 7, ncha ikitazama juu, kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15. Toka mbegu hadi ua la kwanza, hesabu miaka 5 hadi 7.

Naitofautishaje na mimea yenye sumu?

Inayochanganywa nayo ni Convallaria majalis, ambayo huathiri moyo, na Veratrum viride, ambayo hushusha shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Liki mwitu hunuka kitunguu ukisugua jani, na chini ina tunguu jeupe. Jani la Veratrum lina mikunjo mirefu na hujipanga kwenye shina. Convallaria haina tunguu. Lakini harufu hubaki vidoleni: ukishagusa liki moja, kila jani utakalosugua baadaye litanukia. Kagua mmea mmoja mmoja, na usiotambulika uache.

Nivune kiasi gani bila kuimaliza?

Kidogo kuliko unavyodhani. Utafiti uliofanywa kusini mwa milima ya Appalachia na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kung'oa asilimia 10 ya mimea mara moja kila miaka 10 ndiko kunakoweza kuvumilika. Quebec imepiga marufuku biashara yake tangu 1995, na mtu mmoja haruhusiwi kuzidisha matunguu 50 kwa mwaka. Hifadhi ya Great Smoky Mountains, Marekani, hairuhusu kuvuna kabisa. Panaporuhusiwa, kata jani moja tu kwenye mmea wenye mawili au matatu, na tunguu libaki ardhini. Usikimbilie kukata mapema: akiba ya mwaka mzima hutengenezwa katika zile wiki chache za jua, na jani linalokatwa likiwa changa huliacha tunguu dogo kuliko lilivyokuwa mwaka uliopita.